Indecent si tafsiri ya Mungu wa Kisasi
Je, Indecent ni tafsiri ya tamthilia Mungu wa Kisasi? Hapana, Indecent ya mwandishi Mmarekani Paula Vogel, iliyofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, mwaka 2017, ni tamthilia inayojitegemea, inayosimulia masaibu ya Mungu wa Kisasi, ambayo Sholem Asch aliiandika kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mwaka 1906 na ambayo waigizaji wake walikamatwa New York mwaka 1923 kwa shtaka la kukiuka maadili. Ukisoma matini zote mbili utaona kwamba wahusika wa Vogel ni kundi lenyewe la waigizaji wa tamthilia ya Asch, huku vipande vichache tu vya Asch, hasa mapenzi ya wanawake wawili kwenye mvua, vikirudi jukwaani. Aliyeiandika upya tamthilia yenyewe ya Asch ni mwandishi mwingine, Donald Margulies, na huenda wanaodhani Indecent ni tafsiri wanamchanganya na Vogel.