Maswali Yenu: Kwa nini Novemba 11?

SWALI: Shikamoo mzee. Kwa nini Wamarekani huwaenzi askari wastaafu Novemba 11? Na ile siku yao ya Mei je?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vita Kuu ya Kwanza ilisimama tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 1918, saa 11 ya Kizungu. Kwetu ni saa tano asubuhi, kwa hiyo mchezo wao wa namba unatupita kando! Mkataba ulitiwa saini alfajiri, ndani ya behewa la treni msituni Compiègne, Ufaransa, lakini bunduki ziliendelea hadi saa hiyo. Waliokufa katikati hapo ndio wanaoniuma zaidi.

Mwanzoni iliitwa Siku ya Kusitisha Vita. Mwaka 1954, baada ya vita vingine viwili, Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kuwapa askari wote wa zamani siku hiyo. Mwaka 1971 ikahamishiwa Jumatatu ya Oktoba ili watu wapate wikiendi ndefu. Watu wakanung'unika, na mwaka 1978 ikarudi mahali pake.

Ya Mei ni ya waliofia vitani. Askari mstaafu aliye hai usimpe pongezi siku hiyo. Mpe mkono Novemba.