Mtoto asiingie chini ya shuka

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara tatu. Umesema wewe umeshikwa na mafua siku ya tatu leo, mwanao tangu juzi jioni, na mavyaa wako keshachuma majani, anataka muingie nyote wawili chini ya shuka mjifukize. Ukaniuliza, "Mama, nimkubalie?"

Wewe ingia. Mtoto asiingie. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nataka haya uwe nayo, uyasome tena hata usiku wa manane akianza kukohoa na wewe huna wa kumuuliza.

Majani siyadharau. Bibi yako, Mungu amrehemu, msimu wa karafuu alikuwa habanduki kwenye makonyo, vile vijiti vya karafuu. Wenzake wanayauza yakatolewe mafuta kiwandani Wawi, yeye anabakisha pakacha zima la mafua ya nyumbani. Akichemsha chungu chake, makonyo na mchaichai, majani ya mkaratusi, majani ya mlimau, harufu inafika barazani. Tuliingia mmoja mmoja, tukatoka jasho linatuchuruzika, pua zimefunguka, na usiku ule tukalala. Mpaka leo nikibanwa na pua nafanya vivyo hivyo, na raha yake naijua.

Raha hiyo inatokana na mvuke kulainisha makamasi yaliyoganda, na ile harufu ya mkaratusi inaitia pua ubaridi, ukahisi hewa inapita. Kirusi cha mafua hakifi. Mvuke wa kukiua ungekuunguza koo kabla hujakifikia. Mafua yanakwenda yenyewe, aghlabu ndani ya siku saba hadi kumi, ujifukize usijifukize. Unakumbuka wakati wa korona, mwaka 2020 na ule uliofuata, kila nyumba ina sufuria jikoni na watu wanaambiana kwamba ukijifukiza haikupati? Wapo waliokaa chini ya shuka siku nne huku pumzi inawaishia, walipopelekwa hospitali muda ulikuwa umeshapita. Hilo ndilo linalonitisha katika kujifukiza kwa watu wazima: mtu anapata nafuu ya nusu saa, akadhani keshatibiwa.

Kwa mtoto hofu yangu ni nyingine, na unaiona kila kaka yako anapokunja suruali kutia udhu.

Kovu lile mmekua mkiambiwa ni maji ya moto, basi. Alikuwa na miaka mitatu, wewe bado unanyonya. Alikuwa na kikohozi cha wiki nzima. Nikaweka beseni sakafuni, nikaketi kwenye kibao cha mbuzi nimempakata, nikatufunika shuka. Mle ndani kuna giza na joto, mtoto haoni uso wa mama yake, akaingiwa na khofu. Akarusha mguu mara moja tu. Maji yalimmwagikia kuanzia goti mpaka kwenye kidole, na lile shuka lililorowa likamgandia mwilini, nikawa navuta nguo na ngozi inafuata. Jirani akaja mbio na dawa ya meno, mwengine na yai. Tukampaka vyote. Daktari alipomwona alitumia saa nzima kuyaondoa yale, mtoto analia mpaka sauti imekauka. Akaniambia jambo ambalo ningelijua kabla, mguu ule ungepona vyengine: mtu akiungua, mvue nguo na bangili zisizogandia, mwagia maji ya kawaida ya baridi yanayotiririka dakika ishirini, kisha funika kwa kitambaa safi na uende hospitali. Barafu usiweke, yai usiweke, wala samli.

Kosa lile nilifanya mimi, kwa mapenzi, kama anavyotaka kufanya mavyaa wako. Kwa hiyo simlaumu, na wewe usimjibu kwa ukali. Kuna wanaosema mtoto si lazima aingie ndani ya shuka, akae tu karibu na sufuria. Hapana. Mwanao ana mwaka na nusu, anashika kila anachokiona. Na mafuta ya mkaratusi au ya karafuu, yale ya chupa ndogo, usimtie puani wala usimpake usoni, na uyaweke juu asikofika. Kijiko kidogo kimoja akikinywa kinaweza kumtia degedege.

Yeye mfanyie hivi. Chemsha maji, yapoe, kikombe kimoja kitie nusu kijiko cha chai cha chumvi, mdondoshee matone mawili matatu kila tundu la pua kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Kila siku utengeneze mapya. Mnyonyeshe kila akitaka, mpe supu ya kuku na maji kidogo kidogo. Kikohozi cha usiku, asali nusu kijiko cha chai inamtosha, kwa kuwa keshapita mwaka. Mtoto aliye chini ya mwaka hapewi asali hata ya kulamba.

Halafu, na hili ndilo nakuomba ulifanye leo, akilala mfunue kifua, chukua saa, hesabu anavyopumua dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, maana pumzi za mtoto hazina mpangilio. Kwa umri wake zikifika 40 au zaidi, mpeleke hospitali usiku huo huo. Mpeleke pia ukiona chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi, au amekataa titi, au analegea na kusinzia ovyo, au midomo inageuka rangi, hata kama pumzi hazijafika 40. Hiyo inaweza kuwa nimonia, na nimonia haitaki majani.

Kuhusu wewe mwenyewe: sufuria ikichemka iipue, iweke juu ya meza imara, isubiri dakika chache ule mvuke mkali upungue. Kaa kitini, uso uwe mbali dhiraa moja hivi, macho umefumba, dakika tano hadi kumi, ukihisi kizunguzungu utoke. Jiko la makaa lisikaribie shuka wala lisiwe chumbani mmefunga madirisha. Hewa yake inaua na haina harufu ya kukushtua. Kama kile kifua chako cha pumu cha utotoni kinakurudia, acha kabisa, kwani mvuke na harufu kali vinaweza kukibana zaidi. Kunywa chai ya mchaichai tu.

Sasa mavyaa wako. Usimwambie "mama yangu kakataa", utaniweka mimi na yeye pabaya, na mama yule amekupokea vizuri tangu siku ya kwanza. Mwambie, "Mama, nichemshie mimi, unisaidie kunifunika, na mwana akae nje na baba yake." Mpe kazi ya majani, maana anayajua kuliko wewe, na muombe akuonyeshe kila moja. Akishikilia kuhusu mtoto, basi mwachie mumeo aseme, mama husikia zaidi kwa mwanawe. Na ikishindikana, nitampigia mwenyewe baada ya Isha, nimsimulie mguu wa kaka yako. Najua ataelewa, na yeye kalea.

Boti ya Ijumaa nakutumia kikapu. Mna mchaichai, ndimu, na chupa ya asali niliyoletewa kutoka Micheweni. Makonyo nimeyafunga mbali kwenye kitambaa, hayo ni yako na mavyaa wako.

Akilala leo mhesabu, halafu unipigie uniambie ni ngapi. Sitalala mpaka nisikie.

Mama yako,
Wete