Sabwufa nyuma ya kiti cha Hilux ya zamani: pima nafasi kabla ya kununua spika

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, na nina Toyota Hilux ya kabini moja ya miaka ya 1990, ya dizeli, ambayo naitumia kubebea karafuu wakati wa msimu na bidhaa za duka siku nyingine. Redio yake ni ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani. Nataka kufunga sabwufa (spika za besi) mbili za inchi 12, na seremala wangu yuko tayari kunichongea boksi la MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ama nyuma ya kiti ama kwenye bodi ya mizigo. Wenzangu wananiambia kuwa taa zitafifia kila besi inapopiga, na kwamba lazima ninunue kapasita, kile kifaa cha kuweka akiba ya umeme kwa muda mfupi. Unanishauri vipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Spika mbili za inchi 12 hazitakaa vizuri katika gari hiyo, na ushauri wangu ni kwamba ufunge moja ya inchi 10, ya aina fupi inayotengenezwa kwa ajili ya pikapu, katika boksi lililozibwa kabisa nyuma ya kiti. Bodi ya mizigo iache kwa mizigo. Besi ya gari hupata nguvu kwa sababu kabini ni chumba kidogo kilichofungwa, na spika iliyo nje ya kioo haifaidiki na hilo hata kidogo; juu ya hayo italowana masika na vuli, na haitadumu kati ya magunia ya karafuu. Kwa sababu hiyo hiyo utasikia tofauti kubwa kati ya kuendesha madirisha yakiwa yamefungwa na kuendesha yakiwa wazi, jambo ambalo wenye magari yasiyo na kiyoyozi hulilalamikia wakidhani spika imeharibika.

Anza na kadibodi, si mbao. Rudisha kiti mahali unapokaa hasa unapoendesha, kisha kata vipande vya kadibodi mpaka upate umbo linaloingia nyuma yake bila kusukumwa. Kwa kuwa mgongo wa kiti umelala, nafasi hiyo huwa pana chini na nyembamba juu, na ni lazima uipime kote kuwili. Angalia pia mikanda inavyopita, na kama jeki na spana zako hukaa hapo, zitafutie pahala pengine kwanza.

Tuchukulie, kwa mfano, kuwa umepata urefu wa sentimita 90, kimo cha 36, upana wa 16 chini na 9 juu. Wastani wa upana ni 12.5, na ukizidisha vyote unapata lita 40 na nusu, hesabu ambayo seremala wengi huishia hapo. Lakini ubao wa milimita 18 unakula sentimita 3.6 katika kila kipimo, kwa kuwa uko pande zote mbili: ndani kunabaki urefu wa 86.4, kimo cha 32.4 na wastani wa upana wa 8.9, yaani lita 25 tu. Ondoa lita mbili au tatu za sumaku ya spika na vipande vya kuimarishia boksi, na kilichobaki ni kama lita 22. Karibu nusu ya boksi imepotea, na spika iliyochaguliwa kwa kutegemea lita 40 haitafanya kazi yake.

Kwenye karatasi inayokuja na spika ya maana kuna namba tatu ambazo mnunuzi hana budi kuzisoma kabla ya kuangalia wati: Fs, ambayo ni masafa ambayo spika hutikisika yenyewe ikiwa haina boksi, Qts, inayoonyesha jinsi mtikisiko huo unavyozuiwa, na Vas, ambayo ni ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na ule wa mshikizo wa koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika. Boksi lililozibwa hutoa besi iliyonyooka pale Qts inapopandishwa na boksi hadi kiasi cha 0.7. Gawanya 0.707 kwa Qts, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa moja, kisha gawa Vas kwa hicho ulichopata. Spika yenye Qts ya 0.5 na Vas ya lita 20 inahitaji lita 20, na lita zako 22 zinaitosha. Zile mbili za inchi 12, tuseme kila moja ina Qts hiyo hiyo lakini Vas ya lita 60, zingegawana lita 22 hizo, na ile Qts ndani ya boksi ingepanda hadi karibu 1.3 badala ya 0.7. Boksi la namna hiyo hulia kwa kishindo katika noti moja, na chini ya hapo hakuna kitu. Watu wa barabarani watakusikia, lakini wewe uliye ndani hutapambanua gitaa la besi na ngoma.

Kina nacho kisisahauliwe. Katika boksi la mfano wetu, spika ikiwa imekaa upande wa chini, kutoka uso wa ubao wa mbele hadi ubao wa nyuma kuna kama sentimita 11. Spika yenye kina cha sentimita 8 inaacha tatu nyuma ya sumaku, na hizo zinahitajika ikiwa sumaku ina tundu la kupumulia. Mbele ya koni acha nafasi kama hiyo pia, na weka wavu wa chuma, maana kiti kikirudishwa kwa nguvu kitagonga koni.

Kuhusu MDF, mimi nisingeitumia Pemba. Ni mbao tulivu na rahisi kukata, lakini ikinywa unyevu huvimba kingo na skurubu hulegea, na sakafu ya pikapu ya zamani haikosi maji. Tafuta plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, ya milimita 18, uipake vanishi ndani na nje kabla ya kuweka zulia. Viungo vipigwe gundi na skurubu, kisha vizibwe kwa silikoni kwa ndani. Ile silikoni yenye harufu ya siki hutoa mvuke wa asidi unaoweza kula shaba na kudhuru viungo vya spika. Iache ikauke kabisa, siku nzima au zaidi, ndipo ufunge spika. Ukitaka kujaza kitu ndani, tumia nyuzi za polista za kujazia mito. Sufi isikushawishi kwa kuwa inapatikana kirahisi: hushika unyevu, na vumbi lake likiingia kwenye koili ya spika halitoki. Boksi likishakamilika, lifunge kwenye bodi ya gari kwa boliti zilizopenya chuma, kwa sababu uzito wa kilo 15 au 20 nyuma ya mgongo wako si kitu cha kuachwa huru gari linapogonga. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari uangalie mabomba ya breki na mafuta yanapita wapi, na kama kutu ya chumvi haijala sakafu mahali hapo.

Upande wa umeme, pima betri kwanza uhakikishe mfumo ni wa volti 12, kwani magari mengi ya dizeli ya mizigo kutoka Japani ni ya volti 24. Sabwufa huhitaji amplifaya, yaani kifaa cha kukuza sauti ya redio. Ile ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, ya wati 300 za kweli hufanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 80 hivi, kwa hiyo ikifika kileleni huvuta kama ampea 27; ile ya daraja AB, aina ya zamani zaidi, ingeweza kuvuta zaidi ya 40 kwa wati hizo hizo. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 16. Ukwangue uzi mmoja kwa kisu dukani: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na huo hupitisha umeme kidogo zaidi na huoza haraka kwa hewa ya bahari. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri, waya upite ukuta wa injini kupitia mpira, na waya wa athi uwe mfupi, uliofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha upakwe grisi.

Redio yako ya Kijapani ina FM ya kuanzia 76 hadi 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa huzipati. Nunua redio nyingine mpya yenye tundu la kutolea sauti ya sabwufa. Utaepuka kile kibadilishaji cha kuchukua sauti kwenye waya za spika na kuipeleka kwenye amplifaya. Waya wa sauti upitishe ubavu wa pili wa gari, mbali na waya wa betri, la sivyo mlio wa alteneta utaingia kwenye muziki.

Kurekebisha sauti kufanywe kwa mita, si kwa masikio. Chomoa spika, weka besi ya redio katikati, panda hadi robo tatu ya sauti, piga toni ya Hz 50, na upandishe kidhibiti cha amplifaya mpaka mita isome volti 34 kwenye matokeo yake, ikiwa ni wati 300 kwa spika ya omu 4. Kichujio cha amplifaya, kinachozuia sauti za juu zisifike kwenye sabwufa, kiweke Hz 80.

Tukirudi kwenye taa, wenzako wamesema kweli nusu. Alteneta ikizidiwa, volti hushuka kutoka 14 hadi zile za betri, na taa hufifia. Lakini katika gari la umri huo chanzo mara nyingi ni waya wa athi ulioota kutu kati ya injini, bodi na betri. Badilisha nyaya hizo kwanza. Kapasita ya farad 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12.5 hutoa jouli 20 tu, na amplifaya inayovuta wati 375 huzimaliza kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kisha alteneta ile ile iliyolemewa ndiyo itakayoijaza tena. Ikiwa nyaya ni mpya na bado volti kwenye amplifaya zinashuka chini ya 12 injini ikiwa inafanya kazi, punguza kidhibiti, au pesa ya kapasita iongezee kwenye alteneta kubwa zaidi.