Apdeti ya Windows imegota 30%, nizime?

Mkuu usizime kabisa, kugota hapo kwenye 30 ni kawaida, zile namba hazipandi sawasawa, inaweza ikakaa hata saa zima alafu ikaruka mpaka 75 na kujizima na kujiwasha mara mbili tatu. Cheki kile kitaa kidogo cha diski, kikipepesa ujue kazi inaendelea. Ukiikatisha saa hii mafaili ya mfumo yanaweza kubaki nusunusu, ukazunguka nayo kwa mafundi mjini. We chomeka chaja tu (umeme wa huku Igoma si unaujua), nenda mwaloni Kirumba kapige sato. Ukirudi baada ya masaa matatu haijasogea na kitaa kimya, hapo ndo shikilia batani ya pawa sekunde 10, ikiwaka, mara nyingi inajirudisha yenyewe ilivyokuwa kabla ya apdeti.