Mbona ngozi hujirudisha na ubongo haufanyi hivyo?

SWALI: Habari daktari, msichana wangu anasoma biolojia akaniambia seli hugawanyika juu ya protini inaitwa saiklini. Sasa mbona ngozi inapona haraka na ubongo hapana, si protini ni ile ile? – Mama, Umoja

JIBU: Mama, hilo swali ni zito na nimelipenda. Saiklini peke yake haiwezi, lazima ishikane na enzaimu inaitwa CDK, ni kama mathree za Umoja tu, dere ako kwa usukani lakini haondoki mpaka makanga agonge bodi. Saiklini D hushika CDK4 ama CDK6 seli ikijiandaa, E inashika CDK2 DNA ianze kunakiliwa, halafu B na CDK1 ndio husukuma seli igawanyike, na ikimaliza hiyo saiklini inavunjwavunjwa.

Na hapana, si zile zile kila mahali! Saiklini A2 iko karibu kila penye seli zinagawanyika, lakini A1 iko sana kwa korodani, panya dume wakikosa jeni yake wanakuwa tasa. Kwa ubongo sasa, neva zilizokomaa ziliacha kugawanyika kitambo, si kama seli za ngozi, na CDK5 ya huko hushikana na protini inaitwa p35, ambayo hata si saiklini, kazi yake ni kusaidia neva kukua na kufika mahali pake.