Kabla hujabofya Delete: kwa vijana wapya wa chumba cha seva

Jumatano iliyopita kijana wetu wa fildi aliniita kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi mapema: "Kaka, nimesafisha akaunti za waliohama, zilikuwa saba." Chai niliiacha mezani. Kufika kwenye skrini yake nikakuta konsoli ya Zimbra, mfumo wetu wa barua pepe, iko wazi, majina saba yametiwa tiki, na kishale kimetua juu ya neno Delete. Kumbe "nimesafisha" kwake ilikuwa na maana ya "nimeshazichagua". Nilimshika mkono kabla hajabofya, na kwa dakika nzima sikuweza kumweleza ni kwa nini.

Huyu ni wa tatu ndani ya miaka minne. Wote ni vijana wazuri, wepesi, wanaijua Linux kuliko nilivyoijua mimi nilipoanza, na wote wamefika kwenye kitufe kilekile kwa roho safi kabisa. Basi naandika. Misingi mnaijua, kwa hiyo sitawaeleza Postfix ni nini wala Dovecot ni nini.

1. Akaunti ya mtu aliyeondoka haifutwi.

Hapa nitakaa, mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili kazini, Ijumaa moja saa kumi jioni, afisa utumishi wa ofisi niliyokuwa nayo wakati huo aliniletea karatasi yenye majina ya watu wanne, wengine wamestaafu, wengine wamehama. Chini ameandika kwa kalamu: "Waondolewe kwenye mfumo." Mimi nikalisoma neno "waondolewe" kama lilivyo. Nikaingia kwenye paneli, nikatafuta jina la kwanza, nikabofya Delete, nikakubali. La pili hivyohivyo. Dakika tatu hazikuisha, wote wanne hawapo. Diski ikapata nafasi ya jiga kumi na nne, nami nikafurahi, maana wiki nzima tulikuwa tunahangaika na nafasi. Nikafunga ofisi nikaenda zangu nyumbani.

Wa tatu kwenye karatasi ile alikuwa mama wa manunuzi. Mama yule alikuwa mtu wa kutunza. Boksi lake alilipanga kama kabati la masjala: folda kwa kila mzabuni, ndani yake folda kwa kila mwaka wa fedha, na kila barua iliyogusa bei ameitia bendera nyekundu. Nilikuwa nimeliona mara nyingi nikimsaidia kutafuta vitu, na kila mara alinieleza kwa nini ameweka hiki hapa na kile pale.

Jumatatu saa tatu asubuhi aliyekalia kiti chake akaja mezani kwangu. "Kaka, naomba unifungulie boksi la mama. Mzabuni anadai mwezi wa pili tulikubali bei mpya. Mama anasema alimjibu kwa barua pepe akakataa. Nataka hiyo barua tu."

Nikamwambia, "Seva iko kwenye matengenezo, nipe mpaka kesho."

Ulikuwa uongo, na uongo ule ndio uliotumaliza kuliko kile kitufe. Mnajua Zimbra inavyokaa: kila barua ni faili lake ndani ya /opt/zimbra/store, na orodha ya barua iko kwenye hifadhidata ya MariaDB. Ukifuta akaunti, vyote viwili vinakwenda. Lakini yale mafaili hayapotei saa hiyohiyo. Nafasi yake kwenye diski inatangazwa kuwa wazi tu, na kitakachoyazika ni barua mpya zitakazoandikwa juu yake. Wikiendi ofisi ilikuwa imelala, barua chache tu zilikuwa zimeingia. Kama Jumatatu ile saa tatu ningesimama nikasema "nimefuta", tungezima huduma palepale, tukanakili diski nzima, tukamwita mtu anayejua kazi ya kufufua mafaili. Huenda angepata nusu. Huenda angepata hiyo moja.

Mimi niliiacha seva ikifanya kazi siku mbili nzima, kwa sababu kuizima kungenilazimu kueleza. Mchana nawahudumia watu kama kawaida, usiku nahangaika peke yangu na programu za kurejesha mafaili, na kila barua iliyoingia mchana ilikuwa inashindilia udongo juu ya kile nilichokuwa nakichimba usiku. Toleo la bure la Zimbra halina bakapu yake lenyewe, na ya kwetu ilikuwa hati ndogo ya amri iliyoandikwa na mtangulizi wangu ambayo ilikuwa imekoma kufanya kazi zamani, diski ya nje ilipojaa. Sikuwahi kuikagua.

Jumatano nikaenda kwa mkuu wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Ulijua lini?" Nikasema Jumatatu asubuhi. Hakuniambia neno lingine siku ile.

Tukakimbilia kompyuta ya mama. Ilikuwa imeshaformatiwa akapewa mwajiriwa mpya. Na hata isingeformatiwa, mama alikuwa anasoma barua kwenye kivinjari tu, hakuwa na Outlook. Kilichobaki ni kupita meza kwa meza na flashi, nikiwaomba watu waliowahi kunakiliwa kwenye barua zake wanitolee nakala. Siku kumi na moja. Watu walikuwa na huruma, wengine walinitafutia mpaka saa za chakula. Nilikusanya barua mia tatu na kitu. Ile ya kukataa bei haikuwemo, maana mama alikuwa amemwandikia mzabuni peke yake, bila kumnakili mtu. Ofisi ikalipa bei mpya.

Na kuna jambo lingine sikuligundua mpaka wiki ya pili. Anwani ile ilipofutwa, kila mzabuni aliyemwandikia mama alikuwa anarudishiwa barua yake na 550 5.1.1, mtumiaji hayupo. Wawili walidhani ofisi imefungwa.

Nilimpigia mama simu mwenyewe. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba kwa uchangamfu, akadhani nampigia kumjulia hali. Nilipomweleza akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, sikujua kama nikiondoka mimi na vyenyewe vinaondoka." Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Sasa sikilizeni mnavyotakiwa kufanya. Fungua akaunti, badilisha hali yake iwe Locked. Mwenyewe hataingia tena, lakini barua zinaendelea kupokelewa. Msichanganye na Closed: hiyo inazuia kuingia na barua mpya zinarudishwa kwa waliozituma. Badilisha nywila, zima uelekezaji wowote aliokuwa ameuweka kwenda kwenye anwani yake binafsi, mpe mrithi wake ruhusa ya kusoma baada ya utumishi kuandika barua. Kufuta ni uamuzi wa ofisi, unakuja kwa maandishi yenye sahihi, na kabla yake boksi zima linatolewa kwa amri ya zmmailbox kwenye faili moja lililobanwa, la tgz, na kuhifadhiwa mahali pawili. Karatasi ikisema "waondolewe", rudi kauliza, hata kama ni Ijumaa jioni na aliyeandika ameshabeba mkoba.

2. Bakapu usiyowahi kuirejesha usiihesabu.

Kila mwezi chagua boksi moja, lirejeshe kwenye mashine ya majaribio, fungua barua tatu zenye viambatanisho uone zinafunguka. Faili la tgz lenye baiti sifuri nalo huwa na jina zuri na tarehe ya jana.

3. Foleni isomwe kabla ya kuguswa.

Ukiona Deferred, yaani foleni ya barua zilizoshindwa kutoka na kusubiri kujaribiwa tena, imejaa, usikimbilie kusukuma zote zitoke, wala usifute zote. Panga kwa mtumaji kwanza. Kama barua elfu sita zinatoka kwa mtu mmoja wa masjala ambaye kwa siku huandika barua tano, hilo si tatizo la mtandao; nywila yake imeibwa, na kila ukisukuma unamsaidia mwizi. Tulipata moja ya namna hiyo usiku wa kuamkia sikukuu. Mwenzenu aliyekuwa zamu alibadilisha nywila haraka, jambo zuri, akalala. Asubuhi barua zilikuwa bado zinamwagika, kwa sababu vikao vilivyokuwa wazi hakuvikata, na zile zilizokuwa tayari kwenye foleni hakuzitoa. Hadi saa nne anwani yetu ya IP ilikuwa kwenye orodha ya Spamhaus, ya anwani zinazotuma spamu, na barua za mishahara kwenda benki zinakataliwa.

Mpangilio ni huu: funga akaunti, badilisha nywila, kata vikao vyote, toa kwenye foleni barua za mtumaji huyo tu, kagua vichujio vyake na uelekezaji, maana wezi hupenda kuacha kijisheria kinachowapelekea nakala, na baada ya hapo ndipo uombe kuondolewa kwenye orodha. Ukiomba kabla hujaziba utaondolewa na kurudishwa siku hiyohiyo, na mara ya pili hawakuamini upesi.

Jifunzeni pia kusoma namba. Inayoanza na 4 ni "jaribu tena baadaye", Postfix, programu inayosafirisha barua, itajaribu yenyewe, kwa kawaida hadi siku tano. Inayoanza na 5 ni hapana. Msimwambie mtu "subiri itaenda" wakati ina 5 mbele.

4. SPF, DKIM, DMARC na PTR.

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini yenu, DKIM ni sahihi ya kidijitali kwenye barua, DMARC inasema barua isiyopita hizo mbili ifanywe nini, na PTR inaonyesha anwani ya IP ni ya jina gani. Rekodi ya SPF ni moja kwa domeini. Kila mwaka nakuta kijana ameongeza ya pili kwa ajili ya kampuni ya matangazo. Zikiwa mbili zote zinahesabika mbovu. Unganisha ndani ya ileile, na uangalie usivuke utafutaji kumi wa DNS. PTR haiwekwi kwenye domeini yenu hata ukiitafuta usiku kucha. Anayeiweka ni mwenye anwani ya IP, yaani mtoa huduma wenu wa intaneti, na anahitaji barua. Tangu Februari 2024 Gmail wanadai PTR na walau SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na anayewapelekea barua zinazofika 5,000 kwa siku lazima awe na zote mbili pamoja na DMARC. Kwa hiyo mtu akija na malalamiko kwamba barua zake zinaangukia spamu, anzeni hapo kabla ya kumlaumu anayepokea.

5. Kikomo cha ukubwa.

Kikomo cha kawaida cha Zimbra kwa barua moja ni baiti 10,240,000, yaani karibu megabaiti 10, na kiambatanisho kikisafirishwa kinavimba kwa karibu theluthi moja. Faili la megabaiti 8 linakuwa zaidi ya 10 njiani, na linagoma. Dada wa utumishi alibishana na kijana mmoja hapa nusu saa nzima: "Faili langu ni nane, wewe unasema mwisho ni kumi, nane ni kubwa kuliko kumi?" Kijana alimwambia ajaribu tena. Akajaribu mara sita. Alikuwa na haki dada yule, na jibu lilikuwa sentensi moja tu kama kijana angelijua. Watu wa ofisini si wajinga. Wanatuuliza kwa hesabu zilizo sahihi kutokana na kile tulichowaambia.

6. Mengineyo.

Konsoli ya usimamizi, ile ya mlango wa 7071, isifunguliwe kwa dunia nzima. Iachieni mtandao wa ndani na VPN. Cheti cha usalama cha Let's Encrypt ni siku 90, wekeni ukumbusho hata kama kinajihuisha chenyewe. Diski ikifika asilimia 85 tafuteni suluhisho siku hiyohiyo, si Jumatatu, kwa sababu ikijaa hifadhidata haisimami kwa adabu. Paneli isiachwe wazi ukienda msalani. Masahihisho ya usalama yasisubiri mwisho wa mwezi: mwaka 2022 lilitokea tundu kwenye Zimbra ambapo barua yenye kiambatanisho kilichotengenezwa kwa hila ilitosha kupenyeza faili la mshambuliaji ndani ya seva, bila mtu yeyote kuifungua, na kilichokuwa kinaikinga seva ni kuwepo kwa kifurushi kidogo kiitwacho pax. Seva nyingi zilizokosa kile kifurushi zilivunjwa.

Zile akaunti saba za Jumatano tulikaa nazo pamoja, mimi na kijana wangu, moja baada ya nyingine. Zote sasa ziko Locked. Moja ni ya mhandisi aliyehamia mkoani mwezi uliopita, na tulipochungulia kumbukumbu za seva tukakuta kuna barua mbili za mkandarasi zimeingia kwake asubuhi ileile. Kijana alizitazama zile barua mbili muda mrefu.

Jumatatu saa mbili kamili tunarejesha boksi la huyo mhandisi kwenye mashine ya majaribio. Kibodi atashika yeye, mimi nitakaa pembeni yake na chai yangu. Wengine mnaotaka kuona, njooni na daftari.