Unavuka Horohoro kwenda kazini? Jiandikishe unakolala

Kazi ikisimama ng'ambo, upande wa Kenya, vijana wetu wa Mkinga, mkoani Tanga, huulizana: sasa serikali ipi itatushika mkono? Nimevuka mpaka wa Horohoro miaka mingi, asubuhi kwenda Lunga Lunga na jioni kurudi Duga, na jibu langu ni fupi. Ya kule haikujui. Ya huku itakusaidia kwa kadiri ulivyojiandikisha.

Nilikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kenya, kwa hiyo daftari la mishahara lilikuwa mkononi mwangu. Kurasa za mbele ni za wenye kitambulisho cha Kenya: jina kamili, namba ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), namba ya NSSF ya kule (mfuko wa hifadhi ya jamii; jina ni moja na la kwetu, mifuko ni miwili tofauti), makato, saini. Wapakiaji kutoka Tanga walikuwa kurasa za nyuma, na wengine hata jina hawakuandikwa. "Mrefu wa Duga, siku sita." "Wa baiskeli, siku nne." Jumamosi wanahesabiwa mkononi, basi. Wenyewe walifurahi, maana hela inakuja nzima bila kukatwa. Ila kwenye karatasi mtu wa kurasa zile hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote.

Tarehe 16 Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ikazuia watu kupita mpaka wake na Tanzania. Malori ya mizigo yaliendelea, sisi tukabaki nyumbani. Kenya ilikuwa na misaada yake: Kazi Mtaani kwa vijana wa mitaa duni, Mombasa ikiwemo, na Inua Jamii ambayo hutoa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, yatima na wenye ulemavu mkubwa. Yote hiyo ni ya raia wao. Siwalaumu, ni kodi zao. Na huku kwetu hakukuwa na fungu la mtu aliyepoteza kibarua cha nchi nyingine.

Wenzetu Ulaya wamelipatia hili ufumbuzi. Kuna Wafaransa chungu nzima wanaolala kwao na kufanya kazi Luxembourg. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 883 ya mwaka 2004 inamtambua mfanyakazi wa mpakani, yule anayerudi kwao kila siku au angalau mara moja kwa wiki. Akipoteza kazi kabisa, nchi anakoishi ndiyo inayomlipa, kana kwamba michango yake aliitoa hapo. Akipunguziwa saa tu, analipwa na nchi ya kazi. Anatembea na fomu iitwayo U1 inayoonyesha vipindi alivyochangia.

Sisi tuna Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, na imemtajia mfanyakazi haki ya hifadhi ya jamii katika nchi anayofanyia kazi. Maneno mazuri. Lakini fomu kama ile ya U1 hatuna, na mimi sijamwona mtu ambaye miezi aliyochangia Kenya ilijumlishwa na ya Tanzania ofisini Tanga.

Kwa hiyo, kama una mwajiri Mkenya, jambo la kwanza ni kutoka kurasa za nyuma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima au zaidi anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Waajiri wengi wanaijua, hawaipendi tu. Bila kibali cha kazi, hata hivyo, utabishana mikono mitupu: bosi anajua huwezi kwenda popote kulalamika. Ukishapata kibali, dai namba ya NSSF ya Kenya. Unakatwa asilimia 6, na mwajiri anaweka asilimia 6. Hiyo ni akiba ya uzeeni. Usiitegemee siku ya kufukuzwa, maana fao la kukosa kazi mfuko ule hauna. Faida ya haraka ya kuwa kwenye orodha ni ajali. Kenya ina sheria ya fidia ya kuumia kazini, nayo inamwelemea mwajiri. Bati likikukata mkono ukiwa "Wa baiskeli", utapewa nauli na pole.

Huku kwetu fao la kukosa ajira lipo, na hapa ndipo ninapotaka watu wapige hesabu. Ukiajiriwa na kampuni iliyosajiliwa Tanzania, tuseme wakala wa forodha wa pale pale Horohoro, michango yako NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anabeba angalau nusu yake. Ukiachishwa kazi, si kuacha mwenyewe, na ulishachangia miezi 18, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Mshahara ukiwa 300,000, hiyo ni kama 100,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini inalipa pango na unga unapohangaika. Kijana akiniambia kule Lunga Lunga anapata zaidi, namuuliza: zaidi kwa kiasi gani, na lini uliwahi kuitoa hiyo tofauti ukaiweka pembeni? Mara nyingi anacheka.

Anayebaki kuwa kibarua wa ng'ambo, mlango wake ni NSSF ya kujiandikisha kwa hiari. Mimi niliingia humo nikiwa bado navuka. Kima cha chini kinachotangazwa sasa ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na unaweza kulipa kwa siku, kwa wiki au kwa msimu, jambo linalowafaa wavuvi wa Moa kama linavyotufaa sisi. Fao la kukosa ajira hupati, kwa sababu huna mwajiri wa kukuachisha. Unachopata ni jina lako kuwa kwenye vitabu, na pensheni huko mbele. Uliza mapema kuhusu matibabu, kwani hayaji kwa kila kiwango.

TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo ina maneno. Kaya za kupewa ruzuku hutajwa kwanza na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano, na majirani wana macho yao. Mtu anayeonekana kila alfajiri kwenye bodaboda ya kwenda mpakani anahesabiwa kuwa anakula shilingi ya Kenya, hata kama nyumbani kwake jiko limelala. Wengi wetu kweli hatujafika kiwango cha kusaidiwa, tusijidanganye. Lakini kama kaya yako imefika, lazima mtu wake awepo mkutanoni aseme. Ukiwa unavuka siku hiyo, aende mama watoto au mzee wa nyumba, na mtendaji wa kijiji ajue mapema kwamba kibarua kimekatika. Nimeona kaya ikirukwa kwa sababu tu hakuna aliyenyanyua mkono.

Vikoba sivisemi, kila nyumba inavyo.

Ukienda Tanga mjini kujiandikisha NSSF, shika namba yako ya NIDA na upeleke laini ya simu ya Tanzania. Wengi wetu laini tunayoishika muda wote ni ya Safaricom, na ujumbe wa malipo ukija kwenye laini iliyozimwa kabatini huuoni. Andika wategemezi wako kwa majina yaliyo kwenye vyeti vyao, si ya kuitana, na namba ya uanachama mpe mtu wa nyumbani aiandike mahali.